Kopo Lililorudi Limejaa

Pale Kapata, mtaa wa Kolwezi, kwenye kona ambapo safu ya nyumba za zamani za kampuni inakutana na njia ya malori, kuna benchi lililotengenezwa kwa ukanda wa mpira wa kusafirishia mawe ya shaba. Ukanda huo ulikatwa, ukapigiliwa misumari juu ya mataruma mawili ya reli, na tangu siku hiyo haujasafirisha kitu kingine isipokuwa maneno. Mama Ntumba huuza kahawa hapo, birika moja na kopo moja la bati jekundu, na kopo hilo lina sheria zake. Swali likiulizwa, kopo hujazwa na kuanzia upande wa kulia. Anayejua hupiga funda, husema, kisha hupitisha. Asiyejua hulipitisha limejaa, bila kulionja. Likizunguka benchi zima na kurudi limejaa, ni la aliyeuliza. Aliyezileta sheria hizo ni Baudouin Kazadi, kutoka kiwanda cha kuoshea mawe, ambako mtu aliyebahatisha angeweza kufungua bomba lisilo lake na kugharikisha kazi ya zamu nzima. Lakini kiwandani ni kiwandani na benchini ni benchini. Hapa Kapata hakuna aliyekumbuka kuliona kopo likipita limejaa, na Kazadi mwenyewe, aliyeitwa Direktere ingawa hakuwahi kuongoza chochote zaidi ya pampu, ndiye aliyekuwa na midomo ya kwanza na iliyo tayari kuliko yote.

Siku hiyo, jua likianza kulegea, binti yake Tania, aliyepanda basi la Lubumbashi asubuhi, alitokea akiburuta mkoba, vumbi jekundu limempaka hadi kope.

— Aa! Mutu wa Lubumbashi eko anatembea na miguu mu Kapata? aliuliza Samy Mwenze. Huyu naye aliitwa Avoka, kwa kuwa ujanani alifagia ukumbi wa mahakama na kutoka humo na maneno mengi kuliko mawakili.

— Barabara imefungwa, tata Samy. Mbele ya Fungurume. Basi yetu ilirudia.

Kazadi alisimama. Moyo wake ulitangulia kuuliza kabla ya kinywa.

— Na conférence, mama?

— Banakubali niseme na video, papa. Saa kumi. Mu nyumba courant haiko, réseau ya simu nayo haiko. Ni hapa tu, na panneau ya jua ya mama Ntumba.

Kazadi akakaa tena, taratibu. Alijua kilichokuwa mizanini. Wataalamu wa akili bandia walikuwa wamekutana Lubumbashi kujadili mawakala wenye akili, yaani zile programu zinazopewa kazi na kujichagulia zenyewe hatua za kuitimiza. Tania alikuwa amewaandikia makala kuhusu kopo la Kapata. Msomaji mmoja wa kamati, Daktari Tshiamala, aliandika pembeni kwamba desturi hiyo inanukia hadithi ya kubuni. Leo Tania angejitetea; akishindwa, makala ingeondolewa kwenye kitabu cha mkutano, na kazi yote aliyoifanya ingeitwa ngano. Na katika makala hiyo mlikuwa na sentensi iliyomkosesha Kazadi usingizi, kwa sababu ilitoka kinywani mwake: desturi hii inafuatwa hadi leo.

— Bazee, alisema Tania akisimamisha simu juu ya matofali, nikianza kusema, nawaomba kimya.

— Sisi? alishangaa Stany, dereva mstaafu aliyepima kila kitu kwa tani na kuitwa Tonaji. Sisi tuko na kimya ya tonne makumi mbili! Hatuyaipakua bado.

— Lakini saa kumi bado, alisema Avoka. Na kwanza tujue: barabara inafungwa juu ya nini?

Swali lilikuwa limeulizwa. Mama Ntumba akajaza kopo. Kazadi akapiga funda.

— Hiyo mi najua. Ni daraja. Camions iko mingi, daraja inachoka. Mutu akichoka anakaa chini. Daraja nayo ilikaa chini.

Avoka akapokea, akafuta ukingo wa kopo kwa kidole, akanywa.

— Objection! Daraja haina kosa. Ni procès, ni kesi. Bachofere babili baligongana, kila moja anasema njia ni yake. Juge akakuya pale pale, akaweka kiti katikati ya barabara. Na juge akikaa, hata kinga haipite.

— Kinga gani tena?

— Bicyclette, Tonaji, weye ulizoea bintu bikubwa tu. Bazee balisema, mwenda pole hajikwai. Basi bale bote benye kukwama kule, hakuna hata moja atajikwaa.

— Uongo mutupu! Tonaji alinyakua kopo. Ni camion moja ya akili ya mashini. Chofere hamuna ndani! Polisi anaisimamisha: lete papiers. Camion inafikiri. Inafikiri. Mpaka sasa iko inafikiri. Asiyesikia la mukubwa anavunjika guu: njo maana mipira yote ya mbele ilipasuka.

— Juu ya nini isiseme tu kama haina papiers? aliuliza Tania, akitabasamu kwa mara ya kwanza.

— Mashini ya akili iseme haina? Iko na haya, mama! Ni kama mutu.

Kopo likajazwa, likarudi kwa Kazadi. Alihisi nadharia ikipanda kifuani kama maji ya pampu inapoamka.

— Sasa muniache nimalize. Zile mashini zilisikia kama bantu ba université banakutana juu yabo. Zikasikia kama kuko mutoto wa Kapata anakuya kufunua siri yabo. Zikaambiana: tufunge barabara. Daraja haiko, juge haiko. Barabara ilifungwa juu ya Tania!

Benchi liliinamisha vichwa kwa heshima. Mama Ntumba pekee ndiye aliyetikisa kichwa.

— Kazadi, ungekuwa na batoto babili, bangefunga na reli.

Ndipo simu ikaita. Mama Ntumba aliongeza kuni, Avoka alifunga kifungo cha juu cha shati, Tonaji alivua kofia. Kwenye kioo ukatokea ukumbi wenye watu wengi, na mbele yao Profesa Louise Kyungu, mwenyekiti wa kikao, mwanamke wa miwani myembamba.

Tania alianza kwa Kifaransa, kisha, kwa ajili ya benchi, akarudia kila hoja kwa Kiswahili. Alisema: wakusanye mawakala kadhaa, waulize jambo. Kila mmoja atajibu, hata asiyejua. Wa pili atajenga juu ya jibu la wa kwanza, wa tatu juu ya la wa pili, mpaka upuuzi unapata ghorofa na madirisha.

Tonaji alikohoa. Avoka alikumbuka ghafla kuangalia mawingu.

Kisha Tania akaeleza kopo. Mawakala wake hawasemi kwa pamoja. Wanapitishiana zamu, na asiye na ushahidi anapitisha bila kugusa. Zamu ikizunguka kwa wote na kurudi haijaguswa, mfumo haubuni jibu. Unasema: hatujui. Na katika majaribio yake, mawakala wenye kopo walikosea mara chache zaidi kuliko wasio nalo.

Mtu mwenye ndevu fupi akanyanyuka ukumbini. Kazadi hakuhitaji kuambiwa kwamba huyo ndiye Tshiamala.

— Mademoiselle, hesabu zako sizipingi. Ninapinga chanzo chake. Umeandika kwamba wazee wa Kapata wanafuata jambo hili hadi leo. Mimi nimezaliwa na kukulia kwenye vijiwe. Sijawahi kuona mwanamume aliyepewa kahawa moto na nafasi ya kusema, akaviacha vyote viwili. Je, wewe umewahi kumwona?

Ukumbi ulicheka. Tania aliitazama simu, kisha akamgeukia baba yake. Binti yake asingesema uongo, alimlea hivyo. Kazadi akatazama vidole vya miguu yake.

Profesa Kyungu, aliyependa kupoza vikao vilivyopata moto, akaingilia kati kwa Kiswahili.

— Tumuache mutoto apumue kwanza. Bazee ba Kapata, jambo bazee! Mutusaidie kintu kimoja. Bageni betu ba Kolwezi hakuna hata moja amefika. Barabara imefungwa juu ya nini?

Swali lilikuwa limeulizwa. Mkono wa Mama Ntumba, kwa mazoea tu, ukanyanyua birika, ukajaza kopo, ukampa Kazadi.

Mvuke ulimpanda puani. Nadharia yake ilikuwa pale pale, nzima, nzuri kuliko zote alizowahi kuzitoa, na sasa ilikuwa na ukumbi mzima wa maprofesa wa kuisikiliza. Kwanza akaliinua kopo. Kisha akamtazama Tania. Kisha akajiuliza, kama alivyojiuliza zamani mbele ya mabomba: Baudouin, weye unajua, ao unasema tu? Na baada ya hapo akaligeukia bega lake la kushoto na kulipitisha kopo, limejaa, bila kulionja.

Avoka alilipokea kana kwamba amepewa mtoto mchanga wa mtu mwingine. Akafuta ukingo wake kwa kidole. Akalipitisha. Tonaji alilishika kwa mikono miwili, midomo ikimtetemeka kwa tani zote za lori lisilo na dereva. Akafumba macho, akalipitisha. Mama Ntumba alilipokea.

— Miye naye siyui, alisema, akampa Tania.

Tania alilishika mbele ya simu. Aliliinamisha kidogo tu, watu wa Lubumbashi waone kahawa nyeusi iliyogusa ukingo.

— Madame présidente, alisema. Benchi la Kapata linajibu: hatujui.

Kisha mtu mmoja akapiga makofi, na huyo mmoja alikuwa na ndevu fupi.

— Nimeona, alisema Daktari Tshiamala. Iandikwe kwamba nimeona kwa macho yangu. Pingamizi ninaliondoa.

Hapo ukumbi wote ukasimama. Makofi yalitoka katika kile kisimu kama mvua ya mawe juu ya mabati, na Profesa Kyungu alilazimika kupaza sauti kutangaza kwamba makala inaingia kitabuni, na kwamba itafungua kitabu. Tonaji alirusha kofia yake ikaangukia paa. Avoka alimkumbatia Mama Ntumba, akasukumwa, akamkumbatia Tonaji. Kazadi alikuwa amemshika binti yake mabega, akimpangusa vumbi jekundu kopeni.

— Leta kopo tunywe! alipiga kelele Avoka.

— Acha! Kazadi aliinua mkono. Kopo ilirudia imejaa. Ni ya nani?

Wote wakaigeukia simu.

— Ya mwenye kuuliza, alisema Tonaji polepole.

Profesa Kyungu alicheka mpaka akavua miwani.

— Basi munitunzie. Barabara ikifunguka, nakuya kuikunywa.

Wakaliweka katikati ya benchi, Kazadi akalifunika kwa sahani. Kahawa ikapoa, na hakuna aliyeigusa. Jioni kijana wa pikipiki alisimama hapo, akainama kutazama.

— Bazee, hii kahawa ya nani?

— Ya profesa wa Lubumbashi, alijibu Kazadi, akijinyoosha mgongo. Alituuliza kintu.

— Na mulimujibu nini?

— Tulimwambia hatujui, alisema Kazadi, na benchi zima likainua videvu pamoja naye. Bantu bote balisimama, bakapiga mikono.