Shimo la Kigango cha Ruwa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Kama una chungu jikoni, punguza moto kidogo. Leo tunamkumbuka Mzee Tsuma wa Kombe, wa kule Ganze, aliyetutoka majira ya mvua yaliyopita. Alikuwa mkulima wa mahindi. Alikuwa mgema. Na alikuwa mdogo wake Ruwa. Hilo la mwisho ndilo ambalo yeye mwenyewe angelitaja kwanza.

Ruwa alikuwa mzee wa gohu, chama cha watu wenye heshima zao. Alipofariki, alimjia Tsuma ndotoni. Alisimama mlangoni, amelowa chapachapa. "Mdogo wangu," akamwambia, "nyinyi mna paa. Mimi je?"

Kulipokucha Tsuma hakumuuliza mtu maana yake. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi. Kikachongwa kigango, nguzo ya mti ambamo roho ya mzee wa gohu hukaa, kichwa cha mviringo, mwili wote pembetatu ndogondogo, kirefu kumzidi Tsuma mwenyewe. Kikasimamishwa bomani, kikafungwa vitambaa, kikamwagiwa tembo la mnazi. Ruwa hakurudi tena ndotoni. Alikuwa ameshapata mahali pake.

Miaka ikaenda, shamba likachoka. Jamaa wote wakahamia ng'ambo ya mto. Na desturi mnaijua, wasikilizaji: watu huhama, kigango hakihami. Kinabaki palepale, juani na mvuani, mpaka mchwa wakimalize.

Lakini nyakati hizo wezi walikuwa wakipita. Watu wakiwa kondeni, huku nyuma vigango vinang'olewa, vinauzwa mbali, vinakwenda kupamba sebule za watu wasiojua hata ni vya nani. Tsuma akaingiwa na hofu. Akachukua jembe, akavuka mto peke yake, akakichimbua kigango cha ndugu yake. Alidhani anamwokoa.

Mkewe, Mama Mbodze, anaikumbuka siku hiyo.

"Nilimwona anaingia na shemeji begani. Nikamwambia, Baba Mbodze, na huyu naye nimtengee uji? Akanijibu, mtengee, lakini usitie sukari, hakuwa akiipenda. Tukacheka. Mimi nilicheka huku naogopa."

Nyumba ilikuwa fupi, kigango hakikuweza kusimama. Tsuma akakilaza kando ya kitanda chake. Akawa anakipaka mafuta, mchwa wasikiguse.

Habari zikamfikia Mzee Nzai, aliyekuwa gohu mwenzake Ruwa. Akaja, akakaa, akakitazama kile kigango kilicholala.

"Tsuma, umemwokoa na nani?"

"Na wezi, mzee."

"Wezi wangemng'oa. Na wewe umemng'oa."

"Mimi ni ndugu yake."

"Basi wewe ni mwizi unayelijua jina lake."

Mzee Nzai akamweleza taratibu kwamba kigango kikishang'olewa hakisimamishwi tena. Lililobaki ni kukirudisha, kukilaza juu ya shimo lake, udongo ukichukue.

"Na wezi wakija?"

"Wakija, hilo litakuwa kosa lao. Hili ni lako."

Tsuma akasema atakirudisha baada ya mavuno. Mavuno yakapita. Akasema jua likipungua. Likapungua. Kila akijiandaa, anasikia mwizi mwingine amepita mahali. Badala yake akawa anavuka mto na kibuyu cha tembo, anafyeka majani, anamwaga tembo kwenye shimo tupu, anarudi. Mpaka magoti yakamkatalia.

Binti yake, Mbodze, anasema lililomuumiza zaidi baba yake ni kimya. "Alikuwa anamngoja baba mkubwa ndotoni aje amgombeze. Hakuja. Baba akawa anasema, angenitukana tu, ningelala."

Alipozidiwa, alimshika Mbodze mkono. "Mpeleke," akasema. "Mimi nilimwogopea mno." Mto ulikuwa umefurika. Ulipopungua, Mzee Tsuma alikuwa ameshazikwa. Mbodze na binamu zake ndio waliokivusha kigango, wakakilaza juu ya shimo lake. Tsuma hakuliona hilo.

Mama Mbodze, Mbodze, na ukoo wote wa Kombe, poleni sana. Sisi wa kipindi hiki tunalia pamoja nanyi. Na wewe unayesikiliza, itazame nyumba yako leo. Kuna kitu unachokitunza kwa mapenzi, nacho mahali pake si hapo? Kirudishe ungali na magoti. Na kama kuna kigango kimesimama kwenye sebule yako, jua kuwa kina jina, na kuna shimo linalokingoja.

Juzi Mbodze alinipigia simu mimi, mtangazaji wenu.

"Bibi, nilipita kule kwa baba mkubwa."

"Umekikuta?"

"Nimekikuta. Mchwa wameanza kukila, upande wa miguuni."

Nikamwambia tumshukuru Mungu.

"Laiti baba angewaona mchwa hao," akasema.