Kusoma Bure

Muuguzi aliyetoka zamu alifumba macho ndani ya treni, lakini masikio yalikataa kulala. Nyuma yake msusi alikuwa akimwonyesha simu mzee asiyemjua. "Nasoma kemia, historia, mpaka hesabu za chuo kikuu, baba. Nasoma bure!"

"Pole, mwanangu. Hata mimi nilisoma bure, nikaishia kuuza vitasa."

Msusi akaangua kicheko. "Bure ya kutolipa, baba! Mwalimu yumo humu kwenye video za mtandaoni, na ukimrudisha nyuma hanuni."

Mzee akavaa miwani. "Basi mrudishe pale aliponiacha: hesabu za sehemu, darasa la tano."

Treni ikasimama. "Baba, si ulisema unashuka hapa?"

"Nishuke kabla sijajua nusu na robo ni ngapi?"

"Robo tatu!" akaropoka muuguzi, ambaye kituo chake kilishapita zamani.