Lori Nililonunua kwa Ng'ombe wa Dada

Mwangaluka, ndugu zangu. Mayu, mama zetu mlioko pale nyuma, mwangaluka nanyi. Kaeni tu, leo wa kusimama ni mimi.

Sikupanga kusema. Nilikuja kusikiliza kama ninyi. Lakini mwenyekiti aliposoma kwamba kikundi chetu kinataka kununua lori lililokwisha kutumika, na kwamba dalali anatungoja mpaka Ijumaa, nikaomba nafasi kwa hofu. Vijana wanaocheka, chekeni. Nina mvi kichwa kizima, na bado nikisikia habari ya lori na dalali katika mwezi huu wa pamba, naogopa kama mtoto. Nitawaeleza kwa nini. Sitamtaja mtu kwa jina, maana wengine wamekwisha tangulia na wengine ni jamaa zenu mnaoketi nao.

Wazee wenzangu mnakumbuka soko la pamba lilipofunguliwa. Tulikuwa bado tunahesabiwa mkoa wa Shinyanga. Kabla ya hapo mnunuzi alikuwa mmoja, ushirika, ukipenda usipende. Ikaja ruhusa, na kila mwenye fedha na mzani akawa mnunuzi. Walikuja watu kutoka Mwanza, wengine kutoka mbali kuliko Mwanza, na wote walitaka cha kubebea. Lori lililolala nyuma ya ghala mpaka majani yakaota kwenye bodi lilifufuliwa, likapakwa rangi, likauzwa bei ambayo mwenyewe aliona haya kuitaja. Na likanunuliwa.

Jirani yangu kule Migato alikuwa nalo moja. Msimu mmoja tu akaezeka bati. Mimi nilikuwa na ng'ombe kumi na tisa na nyumba ya nyasi, na ile bati ilikuwa inanimulika machoni kila jua likipanda. Ndugu zangu, nawaambia, wivu hauji umevaa pembe. Unakuja kama akili nzuri.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana ni kosa letu sisi watu wa ng'ombe. Nililifikiri lori kama ng'ombe.

Nilikwenda kulitazama mjini Bariadi mwezi wa tisa. Nikalizunguka kama mnunuzi wa mnadani. Nikapapasa bodi, nikainama kutazama matairi kama mtu anayetazama kwato, nikapiga boneti kwa kiganja. Lilikuwa limepakwa bluu, linang'aa. Dalali akaliwasha, likanguruma, na mimi nikaridhika, kwa kuwa dume linalonguruma ni zima. Sikuuliza habari za gia boksi wala sikutafuta fundi. Bei aliyotaja ilikuwa bado ile ya juu kabisa ya msimu, nami sikujua kwamba msimu wenyewe unakwisha. Ng'ombe wangu nao, mwezi wa tisa mnaujua, mbavu zote nje, walikuwa katika bei ya chini kabisa ya mwaka. Niliuza kilichokonda nikanunua kilichonona. Hata mtoto wa shule angenizuia, lakini sikumwuliza mtoto wa shule.

Ng'ombe wangu kumi na tisa hawakutosha.

Hapa ndipo naomba mnivumilie. Katika boma langu kulikuwa na ng'ombe wengine kumi na wawili, wa dada yangu mkubwa. Dada alikuwa ameolewa Mwandoya, mumewe akafariki, na shemeji zake wakaanza kuwatazama wale ng'ombe kwa jicho la kugawana. Akawaswaga mwenyewe mpaka kwangu. Akaniambia niwatunze, maziwa ninywe, ndama mmoja katika wanne awe wangu, na mwanawe akifika umri wa kuoa atakuja kuwachukua wakawe mahari. Mnajua sheria ya ng'ombe wa kuwekewa. Huuzi. Huchinji. Akifa, unambebea mwenyewe ngozi, aione kwa macho yake, ndipo neno linaisha.

Niliwauza wote kumi na wawili kwa siku moja. Nilijiambia nitawarudisha kabla ya Pasaka, na hata wataongezeka.

Pamba iliyobaki niliibeba wiki tatu. Kisha msimu ukafungwa, mvua ikaanza, na barabara zetu mnazijua zikilowa. Udongo mweusi unashika gurudumu kama mkono wa mtu. Lori likasimama uani. Na mimi, kwa akili yangu ile ile ya ng'ombe, nikasema lipumzike. Ng'ombe akipumzika wakati wa majani ananenepa, na mwezi wa nne anakuwa na bei. Nikangoja lori langu linenepe.

Mwezi wa nne walikuja wanunuzi wawili. Wa kwanza alitaja bei isiyofika nusu ya niliyonunulia. Nikamfukuza. Wa pili akataja chini ya huyo wa kwanza, akaliwasha, akatia gia ya tatu, ikagoma, akashuka bila kufunga mlango. Nilibaki nimesimama matopeni nikiutazama ule mlango uko wazi, na hofu ikaniingia. Nilikaa chini pale pale.

Wiki hiyo hiyo dada akatuma ujumbe kwa mtu wa basi. Mwanawe amepata mchumba. Wakwe wamekubali. Baada ya mavuno atakuja kuwahesabu ng'ombe wake.

Ndugu zangu, sijui niwaeleze vipi ile hofu. Mbwa akibweka nilidhani ni dada. Nikiona mwanamke na mwavuli kule njiani, nilijificha nyuma ya ghala la mtama, mtu mzima mwenye watoto watano. Wazee wetu walisema mali ya yatima ni kaa la moto, ukiiweka mfukoni inatoboa nguo kwanza ndipo inafika kwenye nyama. Mtoto wangu mdogo akapata homa, homa ya kawaida tu ya masika, na mimi nikajua, hapana, nikadhani najua, kwamba laana imeanza kuchagua. Mke wangu aliniuliza nina nini. Nilimjibu ni mgongo.

Hofu ikanipa shauri, na shauri la hofu siku zote ni baya. Nilikwenda kwa wauza ngozi nikanunua ngozi tano kavu. Nilichagua rangi zilizofanana na za ng'ombe wa dada. Nikapanga kusema ugonjwa wa ndigana umeingia bomani, watano wamekufa, na baada ya mwezi ningepeleka nyingine. Nikazifunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, nikaondoka alfajiri kwenda Mwandoya.

Ile safari sitaisahau. Ngozi zilikuwa zinanuka na inzi walinifuata njia nzima. Kila niliyekutana naye alisema pole, maana mtu akionekana na ngozi kwenye baiskeli, inajulikana anakwenda wapi. Wananipa pole ya msiba nilioutunga mwenyewe. Nami nikawa naitikia.

Dada alikuwa na mgahawa wake mdogo karibu na ghala la pamba. Nilifika alasiri. Alinitazama mimi kwanza, ndipo akatazama baiskeli. Alisema nimekonda. Akanipa maji ya kunawa, akaniwekea ugali na maharage, akakaa mbele yangu mpaka nikala. Kisha akazifungua ngozi, moja moja, akazitandaza kwenye majani. Akapita mkono juu ya ile yenye ukosi mweupe, taratibu, kama anayetafuta sindano. Akarudia tena. Kisha akazikunja zote tano vizuri, akaziweka kando.

"Mdogo wangu, ngozi hizi ni za nani?"

Nikasema ni za ng'ombe wake.

"Yule mwenye ukosi mweupe alirukiwa na fisi pajani angali ndama. Kovu lake nililiosha mimi kwa chumvi. Hii haina kovu. Nieleze sasa, mimi nakusikiliza."

Nikamweleza. Yote. Aliniuliza wamebaki wangapi. Nikasema hakuna. Wateja wakaingia, akainuka akawahudumia, akamimina chai, akarudisha chenji. Mimi nilibaki pale kwenye majani na zile ngozi. Ningeambiwa niende polisi ningekwenda kwa furaha, kuliko kungoja mgongo ule ugeuke.

Aliporudi hakulia wala hakunitukana. Aliuliza kama lori bado lipo. Nikasema lipo, na mnunuzi wa mwisho ametaja bei fulani, pengine nimkimbilie. Hapo ndipo aliposema maneno ambayo ningetaka kila mtu humu ayashike, hasa ninyi wa kamati.

"Usiuze sasa. Hapa kwangu wanakula wanaonunua pamba na wanaouza magari. Mwezi wa tano wanaulizia lori kwa kunong'ona. Wa sita wanaulizia kwa sauti. Wa saba wanagombana hapa hapa juu ya meza zangu. Wa nane wamekwenda Dar kuleta mengine, na kelele inakwisha. Wewe uza wanapogombana. Usingoje wachoke."

Mwanamke huyo hakuwahi kushika usukani. Alikuwa anajua bei ya malori kwa kusikiliza watu wakila.

Nilirudi Migato nimebeba agizo. Kwanza nikamweleza mke wangu, na hilo nalo lilikuwa la kutisha kwa namna yake, lakini tuliache. Kisha nikaenda mjini kwa mzee mmoja Mwislamu, muuza spea, ambaye nilikuwa nampita kila siku kwa kiburi wakati lori likiwa jipya kwangu. Alikuja na fundi wake. Wakalifungua. Nikaona meno ya gia yaliyolika, nikaona na chesisi, uti wa mgongo wa lori, iliyowahi kuungwa chini ya ile rangi ya bluu. Mzee akanipa spea bila malipo mpaka siku ya kuuza, ila kwa sharti moja. Alisema atakayenunua aonyeshwe ule muungo wa chesisi, la sivyo atazichukua spea zake arudi nazo dukani. Nilimwambia hakuna atakayelinunua. Akasema basi nibaki nalo, lakini kwa spea zake hadanganywi mtu.

Mwezi wa saba, pamba imerundikwa nje ya maghala na mawingu yasiyo na msimu yakaanza kuonekana upande wa ziwa, akaja wakala wa wanunuzi kutoka Nyashimo. Nilimpeleka chini ya lori, nikamwonyesha muungo kwa kidole. Alitazama, akagonga kwa nyundo, akauliza kwa nini namwonyesha. Nikasema nimechoka kuogopa. Akatoa bei. Haikufika niliyonunulia, lakini ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya matopeni.

Wakati tunaandikiana, dalali yule yule aliyeniuzia akanivuta shati. Akaninong'oneza kwamba ningoje wiki mbili, bei inapanda bado, mimi ni mjinga. Nawaambia ukweli, mkono wangu ulisimama. Ile bati ya jirani ilinimulika tena. Nikakumbuka dada, usingoje wachoke. Nikatia sahihi. Wiki ya tatu baada ya hapo yakaingia malori mengine mengi kutoka Dar, na waliongoja wakaanza kuuza ya kwao kwa kubembeleza.

Nikamlipa mzee wa spea. Fedha iliyobaki niliishika bila kuigusa mpaka mwezi wa tisa, mbavu zilipotoka nje. Nikaingia mnadani na kununua ng'ombe kumi na wawili waliokonda. Msimu ule ule ulioniangusha ndio ulioniinua, nilipoupitia kwa mlango wake. Wa kwangu mwenyewe hakubaki hata mmoja. Nilianza upya na mbuzi watatu wa mke wangu.

Dada alikuja. Harusi ilikuwa imesogezwa mbele kwa ajili yangu, na maneno ya wakwe aliyabeba yeye. Aliingia bomani akapita kwa kila ng'ombe, akamgusa. Akasema, "Hawa siwajui. Itabidi niwazoee." Basi. Akawaswaga akaondoka nao. Boma likabaki tupu na mimi nikaona nimestahili utupu ule.

Sasa nimalize. Namshukuru mzee wa spea, Mungu amlaze pema. Namshukuru mke wangu, yuko pale, anainamisha kichwa. Namshukuru wakala wa Nyashimo aliyenunua ukweli. Na dada yangu, sijui shukrani yake inaanzia wapi.

Kwenu ninyi: lori si ng'ombe. Halinenepi likilala, na rangi yake si afya yake. Mkitaka kununua, ngojeni mvua, mwende na fundi, mlale chini yake. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba fedha iliyo katika sanduku hili si yetu sisi tunaopiga kura leo. Kuna mjane ameweka humu, kuna mtu ameweka ada ya mtoto. Ni ng'ombe wa kuwekewa hawa.

Mwaka wa sita baada ya mambo hayo, nikasikia kengele njiani. Dada alikuwa amenitumia mtamba mmoja, nimtunze. Sikulala vizuri kwa hofu ya yule mtamba. Nilimlinda kama jicho. Na baada ya miaka miwili akafa, kwa ndigana, ndigana ya kweli. Nikamchuna, nikaifunga ngozi kwenye baiskeli, nikaenda Mwandoya njia ile ile, inzi wale wale, na hofu kuliko ya mara ya kwanza, kwa sababu safari hii sikuwa na uongo wa kujishikiza.

Nilimkabidhi. Dada akaipokea ngozi kwa mikono miwili, akaiweka ndani, nyuma ya mlango. Hakuifungua.

Akaniuliza kama nimekula.

Wabeja, asanteni, ndugu zangu.