Wasifu wa Marehemu Velonoro wa Ankarefo, Aliyekataa Kupitishwa Mferejini

Ndugu, jamaa, majirani, na wageni mliokuja kwa boti tangu jana, wasifu huu umeandikwa na familia na unasomwa na mpwa wa marehemu, Todisoa, binti wa Kalovavy. Kabla ya yote, fungueni ukurasa wa mwisho wa programu mliyopewa. Pameandikwa kwamba marehemu atazikwa ng'ambo, kwenye kilima cha wazee wetu, kando ya mume wake. Binti yake Soazara alizichapisha programu mjini siku ya Jumatatu akiamini kila kitu kiko kama zamani, na kaka yake hakuwa na moyo wa kumwambia ukweli kwenye simu. Pigeni mstari hapo. Marehemu haendi ng'ambo, na sababu yake mtaisikia.

Marehemu Velonoro alizaliwa hapa Ankarefo tarehe 14 Machi 1941, mtoto wa kwanza wa Botozara na mkewe Ravola. Ankarefo ya siku hizo ilikuwa kijiji cha mto. Mto Sahavary ulipita magharibi, kilima cha makaburi kikionekana ng'ambo yake, na bahari ilisikika tu upande wa mashariki, nyuma ya mchanga. Kisha serikali ya wakoloni ikataka njia ya maji ya kupitishia kahawa yao bila kuyaogopa mawimbi. Wakachora mstari, na mstari ukapita nyuma ya jiko la Ravola. Wanaume walitolewa majumbani kwenda kuchimba. Hakuna aliyeulizwa kama ana nafasi.

Mwezi Juni 1945 ukingo wa mfereji uliporomoka ukawafunika watu saba, Botozara akiwa mmoja wao. Wenzao walipoanza kuwafukua, msimamizi alisema kazi imechelewa, wachimbe mbele. Wakachimba mbele. Maji yakafunguliwa, yakapita juu yao, na yanapita mpaka leo. Velonoro alikuwa na miaka minne. Kuanzia hapo kijiji kikaweka mwiko, wala hakikuhitaji kikao kirefu: maiti wa Ankarefo hapiti mferejini. Aliye hai apite, auze, avue, atukane wenye boti akitaka, lakini maiti hatabebwa juu ya vichwa vya wale saba. Maiti wetu walivushwa upande wa pili, kwenye ule mkono mwembamba wa mto tuliouita Maji ya Wazee, na mtumbwi ulifika kilimani kabla wimbo haujaisha.

Alisoma shule ya misheni ya kijiji jirani kuanzia mwaka 1949 hadi darasa la nne. Watoto wenzake walikwenda kwa mtumbwi mferejini. Yeye alizunguka kwa miguu ufukweni, akafika amechelewa, gauni limelowa hadi kiunoni. Siku moja mwalimu alimsimamisha mbele.

"Wewe Velonoro, wenzako wote wamepanda mtumbwi. Wewe una nini cha ajabu?"

"Mwalimu, wenzangu wanapita juu ya baba yangu. Mimi namzunguka."

Mwalimu yule, Mungu amrehemu, aliweka fimbo chini, na tangu siku hiyo hakumwita mchelewaji. Baadaye njaa ilimfundisha marehemu kupita mferejini kama watu wengine. Alisema baba yake atamwelewa, maana alikuwa anakwenda kutafuta mchele.

Kazi yake ilikuwa kusuka mikeka ya matete, kazi aliyorithi kwa mama yake, na kuwauzia wapita njia wa mfereji mikate ya mchele na kahawa. Hakuna mwendesha boti kutoka hapa hadi bandarini asiyemjua. Alisimama gatini na mikeka begani akiwachokoza: "Wee mwenye mkaa! Kiuno kimepinda hivyo kwa kulalia magunia, mkeo nyumbani anasemaje? Njoo uchukue mkeka!" Naye mwenye mkaa angejibu, "Mama, mkeka wako wa mwaka jana umenitobokea!" "Umetoboka au umeugeuza tanga? Leta pesa, acha maneno!" Kwa mikeka hiyo aliezeka nyumba, akasomesha watoto wawili, na akamzika mama yake kwa heshima mwaka 1977.

Mwaka 1961 aliolewa na Jaotsara, mchonga mitumbwi, mtu mpole aliyemwachia mkewe maneno yote ya nyumbani. Waliishi pamoja miaka arobaini na miwili. Walijaliwa watoto wanne. Wa kwanza alikufa kwa surua akiwa bado hajatembea, na binti wa pili alikufa kwa uzazi mwaka 1994. Jaotsara aliwafuata mwaka 2003. Wote watatu walivushwa Maji ya Wazee, na wote wako kule kilimani. Marehemu alitenga nafasi yake mwenyewe kati ya mume na binti, akaizungushia mawe, na kila alipokwenda kufagia aliipiga piga kwa kiganja, huku akimwambia Jaotsara asijitanue.

Maji ya Wazee hayakuwa yanafunguka yenyewe. Kila mwaka, mvua za vimbunga zikikoma, mchanga ulijaa mdomoni. Basi mwezi Aprili marehemu alipita nyumba kwa nyumba alfajiri akigonga debe. "Amkeni! Mnadhani mtakwenda kilimani kwa mabawa?" Kila nyumba ilitoa mtu na koleo. Yeye alipika wali na kisamvu cha kutwanga, sufuria ambayo wanaume wawili waliibeba kwa mti, na hakula mtu ambaye miguu yake haikuwa na tope. Alifanya hivyo zaidi ya miaka thelathini. Kisha watu wakaanza kuwa na shughuli. Huyu ana msimu wa uvuvi, yule ana mgeni, mwingine mgongo. Mwaka 2013 waliotoka na makoleo walikuwa marehemu, dada yake Kalovavy, na mlevi mmoja aliyefuata kisamvu. Wengine tulichungulia madirishani.

Mwaka uliofuata ilikuja mashine ya kuchimbua mfereji, nayo ilihitaji mahali pa kumwaga tope. Mkutano ulifanyika shuleni. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Bezara, mwana wa marehemu, na ndiye mwenyekiti hadi leo. Alisimama akasema tope limwagwe kwenye mdomo wa Maji ya Wazee, pasawazishwe, vijana wapate uwanja wa mpira na akina mama wapate pa kufanyia soko Jumamosi. Mama yake alikuwa amekaa benchi la mbele.

"Bezara, baba yako alipita wapi?"

"Mama, leo tunazungumzia maendeleo."

"Sijakuuliza maendeleo. Nimekuuliza njia."

"Njia ile wanapita watu watatu kwa mwaka, Mama," Bezara akasema, "na hao hawarudi kulalamika."

Watu walicheka. Wengi wa waliocheka mpo hapa, na familia haina haja ya kuwataja. Mikono ikanyooshwa, tope likamwagwa, na kufikia Krismasi palikuwa na magoli mawili ya mianzi. Nyuma yake maji yalikatika. Mkono wote wa mto ukawa uji wa tope na magugu maji, mtumbwi hauelei na mtu hatembei.

Kuanzia siku hiyo marehemu hakumsemesha mwanawe. Alimpikia, alimfulia alipofiwa na mkewe, alimlelea watoto. Chakula alikiweka mezani akaondoka. Bezara aliwahi kumwambia Kalovavy, "Mama mdogo, afadhali angenitukana." Kalovavy akamjibu, "Angekutukana ungesema mmeshayamaliza."

Mnaofikiri alikuwa mkaidi bure, kumbukeni yaliyofuata. Mtu wa kwanza kufa baada ya uwanja ule alipitishwa mferejini, na mzee wetu wa mila, Babu Tsimiavo, alichinja ng'ombe kuwaomba radhi wale saba. Aliyefuata alichinjiwa kuku. Aliyefuata hapo wakamwaga pombe kidogo majini, iliyobaki wakainywa. Mwaka jana walipita na jeneza la marehemu Betiana huku redio ya boti ikiimba, na hakuna aliyeizima. Marehemu Velonoro alisimama gatini siku ile akatazama mpaka boti lilipopotea, kisha akaingia ndani, na wateja wake hawakupata kahawa kwa wiki nzima.

Mwezi Mei mwaka huu wa 2019 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Alipelekwa hospitali mjini, moyo ukaonekana umechoka. Mwezi Agosti daktari aliomba abaki. Yeye akasema anarudi nyumbani, na anarudi akiwa hai, kwa sababu akifia mjini hakuna njia ya kumleta isipokuwa ile. Soazara alilia, lakini alimkodia boti. Njia nzima marehemu alikuwa amelala kwenye mkeka wake mwenyewe, akihema kwa shida, akimhimiza dereva: "Endesha, mwanangu. Mzigo wako huu unaweza kukuharibikia." Dereva alituambia kwamba hakuwahi kuogopa mfereji kama siku hiyo. Marehemu alifika gatini Ijumaa mchana. Alishuka kwa miguu yake, ameshikwa kwapani, na akataka kwanza kujua nani kachukua benchi lake.

Jumamosi mchana aliwaita watu wa nyumbani. Walikuwapo Babu Tsimiavo, dada yake, na mpwa wake anayewasomea. Akamwita Bezara kwa jina, mara ya kwanza baada ya miaka mitano. Bezara alipiga magoti pale pale mlangoni.

"Mama, nipe ruhusa nikupitishe mferejini. Nitachinja ng'ombe wawili. Ulale na Baba."

"Ng'ombe wa nini? Baba yangu mule chini hajaomba nyama."

"Basi utalala upande huu peke yako? Na nafasi yako kule umeshaiwekea mawe?"

Hapo marehemu alilia. Tuseme ukweli, alilia sana, na alimwita Jaotsara kwa jina la ujana wake ambalo hatukuwahi kulisikia. Alitamani kwenda kule kuliko kitu chochote. Kalovavy alimfuta uso kwa kanga. Alipotulia akasema, "Mnizike uwanjani. Katikati, pale mnapoanzia mpira."

Kila mtu mle ndani alijua maana yake. Huku kwetu penye kaburi hapachezwi, hapauzwi, hapapigwi kelele wala hapapiti mtu na kiatu. Na maneno ya mwisho ya mtu hayapingwi, hata na mwenyekiti.

"Mama," Bezara akasema, "vijana nitawaambia nini? Soko je?"

"Waambie uwanja umepata mwenyewe. Siku mkifungua maji, mtumbwi ukaelea pale, nihamisheni mkanipeleke kwa mume wangu. Mkimaliza, rudisheni magoli yenu popote mtakapo. Msipofungua, tutakaa hivi hivi."

"Na kama haitawezekana? Lile tope ni jingi, Mama."

"Tope ni jingi, ndiyo. Mlilimwaga kwa siku ngapi?"

Babu Tsimiavo ndiye aliyejibu. Alisema, "Nimesikia, Velonoro," na kwa mzee wa mila kusema hivyo, lilikuwa limepita. Marehemu akamwambia mwanawe ainuke, magoti yake si ya chuma, kisha akaomba supu ya samaki. Alimla samaki yule mpaka kichwa. Alifariki Jumapili tarehe 18 Agosti 2019, saa tatu asubuhi, kengele ya kanisa ikilia, akiwa na umri wa miaka sabini na nane.

Sasa mmeelewa kwa nini mmekaa mlipokaa. Magoli yameng'olewa leo asubuhi. Kijana mmoja wa timu alilia wakati wa kuyang'oa, na hakuwa akimlilia marehemu. Akina mama wa Jumamosi wameuliza kama meza zao zinaweza kubaki pembeni tu, kwenye kona. Babu Tsimiavo amesema hapana. Wageni mnaweza kuona haya ni mambo makali. Sisi wenyeji tulipewa miaka thelathini ya kisamvu kabla hayajawa makali.

Marehemu ameacha mtoto wa kiume mmoja, Bezara, aliyechimba kaburi hili kwa mikono yake tangu jana na kukataa kupokewa. Mtoto wa kike mmoja, Soazara. Dada mmoja, Kalovavy. Wajukuu tisa na vitukuu wanne. Ameacha mikeka mitatu ambayo haijamaliziwa pindo. Kule kilimani ameacha mume, watoto wawili, na nafasi iliyozungushiwa mawe.

Wasifu kama huu humalizika kwa maneno matatu ambayo nyote mnayajua, na baadhi yenu mmeshafungua midomo kuyasema. Yafungeni. Familia imekubaliana kwamba leo hayasemwi, maana hajafika anakopumzikia. Tutayasema ng'ambo, siku tutakayomshusha mtumbwini mbele ya Jaotsara. Makoleo ya kaburi hayarudi majumbani leo. Yataachwa pale kwenye tope, na Aprili haiko mbali.