Mama Shija Kabla ya Shija

Bwana asifiwe, wapendwa. Na ninyi wa kwetu mliopanda treni kutoka Kigwa hadi hapa Urambo kunisikiliza, Bwana asifiwe tena.

Mnanijua, mdomo wangu hauna breki. Lakini neno hili nimekaa nalo muda mrefu, maana linahusu mwili wa mume wangu. Yeye mwenyewe, pale alipokaa anaangalia viatu vyake, ndiye aliyeniruhusu niliseme.

Ndugu zangu, niliolewa na mgane mwenye mabinti mapacha, Kulwa na Doto. Hakunificha kitu. Kabla hajaleta posa alinikalisha chini akaniambia alishafunga uzazi, mirija yake ya mbegu ilikatwa hospitali mapacha wakiwa bado wananyonya. Nikasema sawa. Nilikuwa nimependa, nikaona mengine yatajipa.

Sasa kwetu Unyamwezini, anayezaliwa baada ya mapacha jina lake linamsubiri: ni Shija. Siku ya harusi tu mawifi wakaanza, "Mama Shija, pokea maji." Mashangazi wakabisha, eti Shija lazima atoke tumbo lile lile lililobeba mapacha. Mama mkwe akawakatiza, "Kwani baba yao si mmoja? Mama Shija ndiye huyu." Alinitetea, maskini, wala hakujua ananitwisha nini. Sokoni Mama Shija, kisimani Mama Shija, hapa hapa kanisani, "Mama Shija, Shija hajambo?" Watani walicheka, nami nikicheka nao, kisha nikifika nyumbani nalia kwenye kanga. Mwisho nikaacha kuitika.

Nikaja kusikia kwamba mwanaume aliyefungwa uzazi anaweza kufunguliwa, hata baada ya miaka. Nikamwambia mume wangu twende tukaulize. Akasema hapana. Nikamwambia tena siku tunafunga majani ya tumbaku kwenye fito. Akainuka, akaenda kuchochea moto kwenye bani la kukaushia, na kuni zilikuwa zinatosha. Nikasema moyoni, huyu bado ni wa marehemu. Uzazi wake aliufunga kwa ajili ya mke wa kwanza, mimi nimeletwa kulea tu. Ndugu zangu, mawazo hayo yanamla mtu. Nilikuwa napika sina hamu, naomba sauti haitoki. Hatimaye nikafunga nguo zangu nirudi kwetu Kigwa.

Mama mkwe aliniona na mzigo. Hakunizuia. Alimwita mwanawe, akamwambia, "Mwambie mwenzio kilichokuziba mdomo, au mpeleke stesheni mwenyewe."

Basi akaniambia, amesimama mlangoni. Mama Kulwa alipojifungua mapacha, damu ilitoka ikakataa kukatika, na yeye ndiye aliyembeba hadi kwenye gari, damu ikimtiririkia miguuni. Mwenzangu yule alipona. Lakini mume wangu akaenda mwenyewe kukatwa, ili asimrudishe tena pale. Wakapata miaka mingine pamoja, hadi malaria ikamchukua.

"Mtoto namtaka," akaniambia. "Ninachoogopa ni kukubeba na wewe vile."

Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana aliponiponya mimi, kabla daktari hajamgusa yeye. Siku zote nilidhani mume wangu hanipendi vya kutosha, kumbe ananipenda hadi anatetemeka. Nikarudisha nguo sandukuni. Tukapiga magoti, mama mkwe katikati yetu, na kwa mara ya kwanza nikamwombea Mama Kulwa apumzike kwa amani.

Tukaenda hospitali. Daktari hakutupambia maneno. Alisema mirija inaweza kuunganishwa, lakini kadiri miaka inavyopita ndivyo matumaini yanavyopungua, na hata mbegu zikirudi, mimba haina ahadi. Akanipima na mimi, akamtuliza mwenzangu: nikishika mimba niwahi kliniki, na nijifungulie hospitali. Mume wangu, mtu anayekimbia sindano, akapanda kitanda cha upasuaji kwa miguu yake. Baada ya hapo alikatazwa kunyanyua vizito, kwa hiyo mimi na mabinti ndio tuliopanga tumbaku kwenye bani. Yeye alikaa kwenye kigoda akitukosoa.

Majibu yametoka. Mbegu zimeonekana, chache, lakini zipo. Mimba bado. Kwa hiyo msinitazame kiunoni, sikuja hapa na tumbo.

Nimekuja na shukrani. Wewe ambaye kuna jambo limenyamaziwa nyumbani kwako, mtumaini Bwana, kisha muulize mwenzio anaogopa nini. Halafu mwende kwa daktari, maana mikono ile naye amepewa na Mungu.

Shija akija, tutamleta hapa mbele mumwone. Asipokuja, Kulwa na Doto wana mama. Na kuanzia leo, yeyote atakayeniita Mama Shija pale nje tukitoka, mimi naitika.