Bubu Nyumbani, Redio Kanisani

Ndani ya basi, mwalimu wa vijana wa kanisa, gitaa lake mapajani, alimpa nafasi kando yake mama wa binti aliyekuja kumlilia jana ofisini kwake. Akajuta papo hapo.

"Hongera, mwalimu! Mwanangu nyumbani bubu, kwako redio. Amekwambia nini?"

"Muulize mwenyewe, mama."

"Nimzae mimi, nimlee mimi, halafu habari zake nipange foleni kwa mpiga gitaa?"

"Aliniomba nisiseme. Anaogopa utafoka."

"Mimi nafoka?" mama alifoka. Abiria wakazama kwenye simu zao, masikio yakabaki nje.

Mwalimu alilikumbatia gitaa lake. Angesema, binti asingemwamini tena mtu mzima yeyote.

Basi lilisimama kituo cha mama, lakini hakuinuka.

"Haya, sifoki," alisema kwa sauti ndogo. "Niambie tu, nikifika nianzeje naye?"