Bibi Nihal Alitandika Mikeka Mlangoni kwa Baraza

Wasikilizaji wapendwa, haki ya nani, ninachowaambia sasa hamtaamini. Lakini kilitokea. Kilitokea hapa hapa Tarrow, California, na aliyekifanya ni Bibi Nihal Kaur, tuliyemuaga Jumamosi.

Bibi Nihal alitoka Punjab akiwa bibi harusi. Alichuma matunda ya pichi mashambani mpaka mgongo ukapinda. Halafu akashika jiko la hekalu la Makalasinga. Jiko la bure, jamani! Yeyote anakula. Sharti moja tu: wote chini, kwenye mkeka. Tajiri chini, mchuma pichi chini.

Diwani Pruitt hakulitaka jiko lile kabisa. "Harufu ya vitunguu hiyo si ya Marekani," alikuwa anasema. Akapeleka hoja barazani lifungwe.

Kabla ya kura, moto wa msituni ukashuka mlimani, ukala nyumba. Watu wakakimbilia hekaluni. Nani huyo anaingia, uso masizi matupu? Pruitt!

"Mama, nipatie kiti."

"Chako kimeungua, changu hakijawahi kuwepo," Bibi akamjibu. "Kaa chini, mwanangu. Dengu zinapoa."

Akakaa. Akala. Akaongezwa! Na wiki iliyofuata, wapendwa, akapiga kura jiko lifungwe. Likafungwa.

Mjukuu wa Bibi, Simrat, ananiambia: "Sisi tulilia. Bibi akatukaripia, 'Wamefunga mlango, mikono yangu nayo wameifunga? Beba sufuria!'"

Kesho yake saa sita mchana mikeka ikatandikwa mbele ya ofisi za baraza, mpaka mlangoni. Wakakaa wachuma pichi, Wameksiko, Wafilipino, Wazungu waliounguliwa nyumba. Polisi aliyetumwa kuwafukuza akavua viatu, akakaa! Pruitt anafungua mlango, hana pa kukanyaga.

"Bibi, hii ni Marekani!"

"Ndiyo hii," Bibi akasema, upawa mkononi. "Kaa, au ruka watu wako."

Hakuruka. Alivua viatu, akainua sahani tupu. Bibi akamtazama weee. Kisha akamchotea.

Baraza likapiga kura upya, jiko likafunguliwa. Na siku hizi, Nne ya Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, bila dengu za Bibi hapa Tarrow, hiyo sikukuu gani?

Simrat, na familia yote, poleni sana. Tumefiwa pamoja. Na wale wanaosema Marekani ni yao peke yao, waulizeni: nani kawapikia?

Sasa wewe unayenisikiliza, tafakari. Upawa umeushika wewe. Mbele yako yuko mtu aliyekula kwako, kisha akakufungia jiko. Ungemchotea?